Kisanduku cha Maoni cha Mheshimiwa Kiboko

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Na sauti, kila mtu anayo yake kooni?

— Anayo!

Mezeni mate mhakikishe. Haya. Wapo waliozitoa kwa furaha, wakaja kuzitafuta wasizione. Ngano yao ninayo hapa, nani anaipokea?

— Sisi! Ilete!

Hapo kale, lakini si kale sana, maana vitu vya betri vilikuwa vimeshaanza kuonekana, palikuwa na gofu moja likiitwa Shungubwe. Ilikuwa nyumba ya mawe ya matumbawe, ya watu waliokwisha kuondoka siku nyingi, na hakuna aliyejua waliondoka vipi wala walikwenda wapi. Dari ilishaanguka. Zilibaki kuta na madaka yake, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, kikabaki kibaraza cha mawe mlangoni, na nyuma ya nyumba likabaki birika, lile tangi la chini ya ardhi la kuwekea maji ya mvua. Lilikuwa limekauka, lina kiza hata mchana, na mdomo wake mpana wa kutosha ng'ombe kuchungulia.

Kwenye nyufa za kuta hizo waliishi Bi Perere na mumewe na watoto wao sita. Perere mnamjua? Ni mnyama mdogo, kama sungura aliyepunguzwa masikio na kunyimwa mkia. Hana pembe, hana kucha, hana mbio. Alichonacho ni ufa wa kuingia, na mlinzi wa kumwambia ingia sasa.

Mlinzi wa pale alikuwa Bwana Perere mwenyewe. Asubuhi alipanda ukutani, akakaa, macho juu. Akimwona Tai anazunguka, alipiga kelele: "Kwii! Kwii! Ndani!" Na watoto sita, puru, puru, puru, wakaingia ufani. Tai akapita na njaa yake. Kila siku Tai alikuja, kila siku baba alipiga kelele, kila siku watoto waliingia. Uhai wa watoto wale ulikuwa kwenye koo la baba yao.

Na Shungubwe palikuwa na desturi. Ukifika pale, japo unajua hakuna mtu, unapiga hodi. Unapiga ya kwanza, unasubiri. Unapiga ya pili, unasubiri. Unapiga ya tatu, unasubiri. Kuta zikikurudishia hodi yako, maana yake mwenyewe hayupo: kaa kibarazani, pumzika, lakini chumbani usiingie. Kila mama aliwafundisha wanawe hivyo. Hakuna aliyewahi kujibiwa "karibu", wala hakuna aliyetamani kujibiwa.

Alasiri jua likilegea, wanyama walikuja, wakapiga hodi zao tatu, wakakaa kibarazani kubishana. Alikuja Bibi Kobe, aliyejua historia ya kila jiwe, na asiyoijua aliitunga hapo hapo. Alikuja Kunguru, kijana aliyekuwa na safari za mjini. Bwana Perere hakushuka, alibishana akiwa zamu, jicho moja mbinguni na mdomo huku chini.

"Gofu hili ni urithi," alisema Bibi Kobe. "Hapa waliishi watu wenye heshima zao."

"Urithi hauna chaji, Bibi," alisema Kunguru. "Mimi nimetoka mjini juzi. Kule watu wanaongea na vioo, na vioo vinajibu. Ninyi mpo hapa mnapigia kuta hodi."

"Na huko mjini unakula wapi, mjukuu wangu?"

"Nakula... huku na huku."

"Jalalani! Hicho kioo kinachojibu hakijakuambia unuke vizuri?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Perere akapokea kutoka juu: "Tatizo si kioo, tatizo si ukuta. Tatizo ni uongozi! Tangu mto umpate Mheshimiwa Kiboko, maji yameongezeka au yamepungua?"

"Yamepungua!"

"Na tumbo lake?"

"Limeongezeka!"

Basi ndiyo ilikuwa raha yao. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake, na kila mtu alirudi kwake ameridhika. Bi Perere alikaa pembeni akiwatoa watoto viroboto, anasikiliza. Maoni alikuwa nayo, tena mengi. Alikuwa hajaona mtu wa kumpa.

Sasa mto hauko mbali na Shungubwe, na Kiboko ana masikio madogo lakini yanafanya kazi. Maji hadi puani, alisikiliza siku ya kwanza, akasikiliza ya pili, akasikiliza ya tatu. Siku ya nne, di! di! di! akatokea. Hodi hakupiga. Kiboko hajawahi kupiga hodi popote, yeye huingia tu na mlango unajipanua. Akakalisha makalio yake kibarazani, na wote waliokuwa wamekaa wakajikuta wamesimama.

"Wananchi wenzangu," akasema. "Nasikia mna maoni."

Wote wakarudi nyuma hatua moja.

"Msiogope! Maoni ni kitu kizuri. Kibaya ni kuyaachia hewani yakapotea. Kwa hiyo nimewaletea teknolojia."

Akatoa kisanduku. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa tofali, kina kifuniko upande mmoja na kitaa chekundu. Alikitoa wapi? Wengine wanasema aliletewa na wafadhili. Wengine wanasema kilielea tu mtoni siku moja, kikamtafuta mwenye mdomo mkubwa. Mimi sikuwepo.

"Tunataka kubomoa hapa," alisema Kiboko, "tujenge mnara. Mtandao utafika mpaka ndani ya gamba la Bibi Kobe. Lakini sibomoi bila kuwasikiliza. Kila mtu aseme humu anachotaka, nitafikisha panapohusika. Mimi si kama wale wengine."

"Wale wengine ni akina nani?" aliuliza Bwana Perere.

"Wale," alisema Kiboko. Kisha akafunga midomo yake, akaibana barabara, akafungua kifuniko. Ka! Kitaa kikawaka.

Kunguru hakusubiri kuitwa. Akasema mnara ni jambo jema, uwe mrefu, uwe na mahali pa kutua. Tap! Kifuniko kikafungwa. Kunguru akafungua mdomo ashukuru. Ikatoka hewa. Watu wakadhani ni furaha imemkaba.

Ka! Akaja Bibi Kobe. Alianza na aliyeweka jiwe la kwanza la Shungubwe, akashuka naye kizazi hadi kizazi, jua likazama yeye hajafika kwenye dari. Tap! Bibi Kobe akafungua mdomo aseme bado hajamaliza. Ikatoka hewa.

Bwana Perere alikuwa ameshashuka ukutani, anasafisha koo. Mkewe akamshika manyoya.

"Mume wangu, hebu waangalie wale wawili. Mbona hawasemi?"

"Hoja zao zimepokelewa, wataongea nini tena?"

"Kunguru kunyamaza? Umewahi kuona wapi?"

"Wewe hujui siasa, mama watoto. Niache. Hii nafasi nimeingojea maisha yangu yote."

Ka! Bwana Perere akasema. Lo, alisema yule bwana! Alisema ya maji, ya njia, ya uchaguzi, ya magofu, ya mnara, ya tumbo la Mheshimiwa mbele ya Mheshimiwa mwenyewe. Alisema vizuri mpaka machozi yakamtoka. Na Kiboko, midomo imebanwa, alitikisa kichwa kukubali, akatikisa, akatikisa. Tap!

Kesho yake Kiboko akaenda kwa Kanga. Ka! Tap! Akaenda kwa Digidigi. Ka! Tap! Akaenda mpaka kwenye mzinga wa nyuki, maana alisema hataki kuacha hata mnyonge mmoja nyuma. Ka! Tap! Siku ya tatu kulipopambazuka, mwitu wote ulikuwa kimya.

Kuna kimya cha kupumzika, mnakijua. Hiki hakikuwa hicho. Kanga alisimama juu ya kichuguu, akanyoosha shingo, akafungua mdomo kama anavyofungua kila asubuhi, na hakuna kilichotoka. Nyuki walipita juu ya maua wengi kama wingu, mabawa yanakwenda, na husikii kitu. Ungesikia jani linaanguka. Ungesikia unavyomeza mate, nawe ungetamani usisikie.

Na saa sita mchana Tai akaja.

Bwana Perere alimwona. Alimwona mapema, kazi yake aliijua. Akafungua mdomo. Hewa. Akafungua tena. Hewa. Akarukaruka juu ya ukuta, akakanyaga mawe kwa miguu yote minne, pu! pu! pu! Watoto chini walimtazama wakafurahi, walidhani baba anacheza ngoma. Kivuli kikapita juu yao mara moja.

Walikuwa sita. Wakabaki watano.

Nasema haraka kwa sababu ilitokea haraka. Bi Perere aliwasukuma waliobaki ndani ya ufa, akakaa mlangoni pake, akalia bila kutoa sauti, kwa sababu hakutaka mtu yeyote akumbuke kwamba yeye bado anayo.

Alasiri ya siku ile walikuja kibarazani kwa mazoea tu. Walikaa. Waliangaliana. Na kutoka kwenye matete ya mtoni ikasikika sauti.

"Mimi Bibi Kobe. Naunga mkono. Bomoeni."

Bibi Kobe alikuwa amekaa pale pale, mdomo umefungwa. Akageuka kulia, akageuka kushoto, anajitafuta.

"Mimi Kunguru. Naunga mkono. Bomoeni."

Kunguru akaruka, akatua, akaruka, akatua, hakujua aende wapi ambako hatajisikia.

"Mimi Bwana Perere." Na hapo Bi Perere alisimama. Ilikuwa sauti yake mumewe, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema neno kubwa, sauti iliyomwamsha kila asubuhi tangu aolewe. "Naunga mkono. Bomoeni. Naunga mkono. Naunga mkono." Na mwenye sauti alikuwa kando yake, amejishika koo kwa mikono miwili, anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana.

"Nimewasikia!" Kiboko akasema kutoka mateteni. "Nani anapinga?"

Kimya.

"Hayupo. Basi Ijumaa tunabomoa. Ho! ho! ho!"

Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Gofu likibomolewa, nyufa hakuna. Mlinzi hana sauti, nyufa hakuna, watoto watano juu ya kifusi cheupe na Tai juu yao. Bi Perere hakuhitaji kuelezwa hesabu hiyo. Akakaa akafikiri. Alimfikiri Kiboko, mdomo wake hasa. Mtu anayependa kusema vile, mbona kila akifungua kile kisanduku anabana midomo kama mtoto anayekataa dawa? Akafikiri tena. Kisha akatazama birika nyuma ya nyumba, ambako watoto wake walizoea kuchungulia na kuita majina yao ili yarudi. Akatikisa kichwa kukubali, peke yake.

Alhamisi alasiri, di! di! di! Kiboko huyo, na kisanduku chake.

"Bi Perere, shemeji yangu! Umebaki wewe tu. Takwimu zangu hazijakamilika."

"Karibu, Mheshimiwa. Mimi mwanamke wa ufani, maoni nayatoa wapi? Kama ni kuunga mkono, naunga. Fungua nikusemee."

Kiboko akafurahi, akaanza kubana midomo.

"Ila nasikitika," alisema Bi Perere.

Kiboko akaibanua. "Unasikitikia nini?"

"Umehangaika mno na sauti zetu hizi za kuombea maji. Kobe, Kunguru, mume wangu. Kesho wakubwa wakikuuliza, mwenye nyumba kasemaje, utawapa sauti ya kanga?"

"Mwenye nyumba alishakufa."

"Aliyejenga Shungubwe? Kufa kitu gani, Mheshimiwa. Aliondoka, lakini sauti aliiacha. Iko birikani. Sisi tunaisikia siku zote. Nzito! Bibi Kobe anasema mwenyewe akisema kaa, watu walikaa, akisema lipeni, walilipa, hata aliyekuwa ng'ambo ya mto alijikuta anapiga magoti. Mtu angekuwa na sauti ile... lakini basi, wewe unatosheka na za kanga."

Macho ya Kiboko yakawa madogo. Kamasi zikamtoka puani kwa uchu.

"Nionyeshe."

Wakazunguka nyuma ya nyumba. Bwana Perere akawafuata juu ya ukuta, hajui mkewe anafanya nini, hawezi kumuuliza. Birika lilikuwa wazi, mdomo umejaa kiza, na baridi ilipanda kutoka chini ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Sisikii kitu," alisema Kiboko.

"Mpaka umpigie hodi. Zile tatu."

"Mimi sipigi hodi!"

"Basi, twende ukachukue yangu."

Kiboko akatazama birika. Akatazama kisanduku. Akatazama birika tena.

"Nikisema na kifuniko kiko wazi..."

"Ndiyo kwanza kiwe wazi, maana hujui atajibu saa ngapi. Kielekeze kule chini. Wewe uko nyuma yake. Kuna anayesikia kwa mgongo?"

Kiboko akafikiri. Mtu wa mtoni jamani! Mtoni sauti ikitoka imetoka, inakwenda na maji, hairudi. Yeye hajakulia penye kuta. Hakuwa na mama wa kumsimamisha mlangoni na kumwambia piga, subiri, sikiliza umejibiwa nini. Akainama juu ya birika, akaelekeza kisanduku chini. Ka! Kitaa kikawaka.

"HODI!"

Kuta zikatetemeka. Na kutoka chini ikapanda sauti, nzito, nene, ya kifalme: "HODI... ODI... ODI..." Ikapanda, ikapanda, ikaingia kisandukuni. Kitaa kikapepesa.

"Umesikia?" alinong'ona Kiboko, na hakuona kwamba mnong'ono wake umepwaya. "Ananipigia hodi mimi! Anajua mkubwa ni nani!"

Mtoto yeyote wa Shungubwe angekimbia kucheza, angejua hodi kwa hodi ni nyumba haina mtu.

"Ananyenyekea, Mheshimiwa. Ongeza."

"Hodi!" Mara hii ilitoka kama ya ndama. "Hodi... odi..." Ikapanda, ikaingia. Kitaa kikapepesa. Kiboko akakohoa, akadhani ni vumbi.

"Bado moja," alisema Bi Perere.

Kiboko akapanua mdomo wake wote, meno nje, akapiga hodi ya tatu. Haikutoka. Haikutoka hata pumzi. Mdomo wazi, koo tupu. Bi Perere akaona, akajua kazi imekwisha, amemmaliza, na kicheko kikaanza kumpanda tumboni.

Hapo birika likasema:

"Karibu."

Polepole tu. Sauti ya mtu mzima, si ya kiume wala si ya kike, ya mtu aliyekuwa amekaa nyuma ya mlango muda wote huu, anangoja mgeni amalize adabu zake.

Kicheko kikafa. Manyoya ya Bi Perere yakasimama, moja moja. Akahesabu upesi: mume wangu yuko ukutani, watoto wako ufani, Bibi Kobe yuko kwake. Yeye hakupanga mtu. Mwangwi hurudisha ulichosema, na neno "karibu" hakuna aliyelisema. Hata hiyo hodi ya tatu haikuwa na sauti. Nani basi aliisikia?

Na Kiboko, ambaye hajapiga hodi maisha yake yote, siku aliyopiga amekaribishwa. Akarudi nyuma, akajikwaa, kisanduku kikamponyoka, kikagonga jiwe. Pasu! Hakuinama kukiokota. Di-di-di-di-di! Matete yakalala chini. Tubwi! Mtoni.

Sauti zikatoka.

Zilitoka kama nyuki, na nyingine zilikuwa za nyuki kweli. Ya Kanga ikakimbilia kichuguuni. Ya Kunguru ikapaa, na mara mwitu mzima ukasikia matusi ya mjini. Ya Bibi Kobe ikaondoka taratibu, inataja kizazi cha nne. Kila sauti ilimtafuta mwenyewe, ikampata. Watoto watano waliposikia kelele hizo wakatoka ufani kucheza, wanarukaruka juani.

Ya Bwana Perere ilitoka vipande vipande. Ilikuwa imekatwakatwa kuliko zote kwa yale matangazo ya mtoni. Vingine vilianguka chini, vikazima. Kipande kimoja kizima kikapanda ukutani, kikamwingia. Mkewe akamtazama.

"Mume wangu? Sema."

"Naunga mkono," alisema Bwana Perere. Akashtuka. Akajaribu tena. "Naunga mkono." Machozi yakamtiririka. "Naunga mkono. Naunga mkono."

Ya mwisho kutoka ilikuwa ya Kiboko. Ilifika mtoni, ikamkuta mwenyewe yuko chini kabisa hataki kutoka, na sauti haijui kuogelea. Ikarudi. Ikazunguka juu ya gofu, kubwa, baridi, haina kwake. Na juu yake, angani, kulikuwa na mwingine anazunguka.

Bwana Perere alimwona Tai kabla ya wote. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Naunga mkono! Naunga mkono!" Watoto wakamwitikia kwa vigelegele.

Sauti ya Bi Perere ilikuwa ya ndani ya ufa, ya kubembelezea na kuimbia. Haifiki hata ukuta wa pili. Kivuli kimeshaanza kushuka. Akatazama juu, akapanua mdomo, akaimeza ile sauti ya Kiboko.

Koo la perere halina vyumba viwili. Ya kwake ikasukumwa nje. Ilibaki juu ya mdomo wa birika kidogo, kama inasubiri aseme neno. Kisha ikashuka chini, na kule chini kuna aliyeipokea.

"NDANI!"

Ilikuwa kelele ya kutisha, ya mtu anayekabwa na anayekaba kwa pamoja. Tai alipinduka hewani, akaenda zake ng'ambo ya vilima, hadi leo hapiti Shungubwe. Watoto, puru, puru, puru, wakaingia. Walikuwa watano. Wako watano.

Kiboko alibakiwa na kicheko tu, maana hakuwahi kucheka mbele ya kile kisanduku. Mpiteni mtoni mtamsikia: ho, ho, ho, ho. Hajui tena kusema anachochekea. Gofu halikubomolewa. Kibarazani wanabishana kama zamani, na Kunguru anasema kisanduku kile kilikuwa toleo la zamani, jipya halina shida hiyo.

Na Bi Perere? Mmewahi kusikia perere akilia, kamnyama kale, mtu mzima ukajifunika shuka? Sasa mnajua ni sauti ya nani. Anaitumia mara chache. Siku moja aliwaita watoto waje kula, wakatawanyika wakijikojolea. Hakuwaita tena.

Kila alasiri sauti yake ya zamani inaimba birikani. Ni nyimbo zile zile, na majina ya watoto yamo, yote sita. Kila wimbo ukiisha, inasema: karibuni, wanangu. Watoto wanatoka ufani mmoja mmoja, wanakwenda. Bi Perere anatangulia, anajilaza juu ya mdomo wa birika, miguu huku na huku, kifua chake juu ya kiza, midomo ameibana. Anajisikia mwenyewe kutoka chini akiita. Na watoto watano wanamsukuma ubavuni kwa vichwa vyao vidogo, wanalia:

"Tupishe! Tunamtaka mama!"

Haya. Mnataka funzo, naona mmenikodolea macho. Funzo ni jepesi. Mkiletewa kisanduku, semeni humo bila kuuliza kilitoka wapi. Viongozi wanatupenda, mashine hazina njama, magofu hayana watu, na hodi ni kupoteza muda. Na ndege wakinyamaza ghafla, lala, ni hewa nzuri tu.

Mmenielewa?

— Tumekuelewa!

Nani anapinga?

— ...

Vizuri. Ngano nimeitua hapa mkekani. Mwenye nguvu aibebe kwao, asiye na nguvu aifunike, na atakayetoka kwanza atuambie nje kukoje.